Kigoda cha Bartholomeo Mageni

Meza ya Bartholomeo Mageni ilikuwa fupi kuliko meza zote za ofisi ya mipango, na sababu yake ilikuwa mgongo. Alianguka na baiskeli akiwa bwana shamba kijana upande wa Kishapu, na tangu hapo viti vya serikali vikawa vinamtesa. Basi akaleta kigoda cha marehemu baba yake kutoka kwao Mwagulu, cha miguu mitatu, cheusi kwa kukaliwa, akamwita seremala akamwambia aikate miguu ya meza ilingane nacho. Mkuu wetu, Ndugu Gregory, alifoka wiki nzima juu ya mali ya umma. Bartholomeo alimsikiliza kwa adabu zake zote, huku ameketi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wao. Naitwa Salvina, ila pale Shinyanga mjini nilikuwa Mama Justa tu, Msumbwa wa Ushirombo, mwanamke wa misa ya kwanza na ulimi usiojua kulala. Kila pendekezo lililotoka ofisini mwetu kwenda kwa wakubwa lilipita kwanza kwenye vidole vyangu, na mtu ukimpigia chapa miaka mingi unamjua kama unavyomjua mtu kwa kikohozi chake. Bartholomeo alianza kila andiko kwa maneno yaleyale: Ieleweke kwanza kwamba nyasi hizi zina wenyewe. Ndugu Gregory aliyakata kwa wino mwekundu, na Bartholomeo aliyaandika tena.

Nyasi zenyewe zilikuwa za ngitili. Wasukuma hutenga sehemu ya malisho wakati wa masika, ng'ombe wasiiguse, ili kiangazi kikikauka ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kutia mdomo. Mwaka huo wa sabini na saba kulikuwa na wazo la kuzilima ngitili za Mwagulu ziwe shamba moja kubwa la pamba. Ofisi yetu ndiyo iliyotakiwa kuliandika wazo hilo liwe sera. Bartholomeo hakutaka. Mwezi wa tatu alikwenda Mwagulu bila kumuaga mtu, akasimama mbele ya wazee wa kwao akawaambia kwamba maadamu mdomo wake unasema, jembe la trekta halitaingia humo. Wakati wa kurudi mvua ilimkuta njiani, udongo wa mbugani ukageuka uji, na Landrova ikapinduka kwenye korongo. Tulimpeleka kuzikwa kulekule alikotoka kusema. Mkewe alikuwa amemtangulia, mtoto hawakujaliwa, ndugu wa kiume hakuwa naye. Akabaki mama yake mzazi, Nyamizi, ambaye siku ya mazishi hakutoa chozi hata moja. Nilimshangaa, na nikamsema moyoni, Mungu anisamehe.

Mwezi wa sita akaja Apolinari.

Alikuwa ametoka chuo kikuu kufanya mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu, na alikuwa mtoto wa kwetu Ushirombo. Baba yake alikuwa katekista, na nyuma yake kulikuwa na wadogo sita ambao wote walikuwa wanamtazama yeye kama watu wanavyotazama mlango unaotarajiwa kufunguliwa. Alivaa shati moja jeupe alilolifua kila jioni. Nilimpenda hapohapo na kumtania hapohapo, nikamwambia kwa wembamba ule upepo wa Shinyanga utambeba mpaka Nzega. Ndugu Gregory hakuwa mtu wa utani. Alimpa kazi moja: aliandike upya andiko la ngitili, lipite kwenye kamati mwezi wa nane. Likipita, nafasi ya marehemu itakuwa yake akimaliza masomo. Lisipopita, aombe Mungu. Kisha akamwonyesha pa kukaa, na palikuwa mahali pamoja tu, kwenye meza ya marehemu.

Sikuona ubaya wowote. Kwangu mimi kiti ni kiti. Apolinari aliinamia ile meza fupi, akacheka kidogo, akavuta kigoda akaketi.

Watu wa Mwagulu walikuja wiki hiyohiyo. Walikuwa watatu, na aliyewaongoza alikuwa mzee mmoja mrefu aitwaye Makoye, mjomba wa Bartholomeo. Walisimama mlangoni, wakamtazama kijana, wakatazamana. Makoye akavua kofia.

"Mwangaluka, Mageni," akasema.

Apolinari alisimama haraka, akampa shikamoo yake, akaeleza kwa upole kwamba yeye si Mageni, Mageni amefariki, yeye ni Apolinari wa Ushirombo, mwanafunzi. Makoye aliitikia marahaba kwa heshima na kusema kwamba hayo yote wanayajua. Wakakaa kwenye benchi la korido kama nusu saa hivi, hawakuomba kitu, wakaaga, wakaenda zao. Juma lililofuata wakaja tena. Mwangaluka, Mageni. Wakakaa, wakaondoka. Apolinari aliniuliza kama wale wazee wana akili timamu. Nikamwambia wana akili kuliko ofisi nzima, ndiyo maana nawaogopa.

Mara ya tatu walimleta Nyamizi. Alikuwa mdogo, mkavu, macho mekundu kwa moshi wa samadi. Hakumsalimia mtu. Alizunguka meza, akaweka kiganja kwenye mgongo wa Apolinari, chini kidogo ya mbavu, palepale alipokuwa akishika Bartholomeo kila anapoinuka, akamuuliza kwa Kisukuma kama bado panauma. Kijana alikuwa mzima kama chuma cha pua. Lakini kabla hajajibu nilimwona anakunja uso.

Tangu siku hiyo akawa anainuka na mkono mgongoni.

Mimi si mtu wa mizimu. Nilizaliwa chini ya kengele ya misheni, na kwetu habari za masamva, hiyo mizimu ya wazee wao, tulikuwa tukiwaachia wengine. Ila nitasema nilichokiona. Siku moja nilimpelekea chai. Sukari ilikuwepo, ajabu kwa mwaka ule, na nilikuwa nimeitia kwa ukarimu. Akainywa, akaitema, akaniomba chumvi. Bartholomeo ndiye aliyekuwa akinywa chai ya chumvi. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema kwa uso mweupe kabisa kwamba amekunywa hivyo siku zote. Nikamwambia mama yake namjua, nyumba yao naijua, na chai ya chumvi haikuwahi kupikwa mle ndani. Akakisukuma kile kikombe mbali.

Andiko likawa haliendi. Asubuhi aliandika, mchana akachana. Nilimsikia akijisemea. Hatimaye, katikati ya mwezi wa saba, akaniletea karatasi za kwanza nipige chapa, amefurahi, kwa kuwa alikuwa ameandika kama alivyoagizwa: faida za pamba, magunia kwa ekari, trekta. Niliweka karatasi kwenye mashine na kuanza. Mstari wa kwanza ulikuwa: Ieleweke kwanza kwamba nyasi hizi zina wenyewe.

Niliacha kupiga. Mafaili ya marehemu yalikuwa kwenye kabati la Ndugu Gregory, na ufunguo alilala nao. Nilimwita Apolinari nikamwonyesha. Alisoma, akasoma tena.

"Mama Justa," akasema, "nani ameandika hii?"

Nikamwambia mwandiko ni wako, mwanangu. Niliogopa, na nilimhurumia, na vyote viwili vilinifanya niwe mkali. Nikamwamuru anyanyuke kwenye hicho kigoda. Alinyanyuka kwa mkono mgongoni.

Makoye alipokuja tena sikumngoja akae kwenye benchi. Nilimvuta pembeni nikamuuliza wanamfanyia nini mtoto wa watu. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Kwa ukoo wao, mtu mzima akifa, kiti chake hakikaliwi mpaka tanga liondolewe, na tanga haliondolewi mpaka apatikane wa kukikalia. Anayekaa amepokea. Hapokei mali, mali ina wajomba wa kuigawa. Anapokea mdomo: yale aliyoyaahidi marehemu na hakuwahi kuyatimiza. Bartholomeo hakuwa na mtu, na wao walikuwa wamekata tamaa, hata siku walipofika ofisini wakakuta mtu amekaa. Hawakumtuma wao. Amekaa mwenyewe.

Nilimwambia kijana hakujua. Makoye akasema hata mtoto anayezaliwa hajui anazaliwa kwa nani.

"Na kama hataki?" nikauliza.

"Akirudishe. Aje nacho Mwagulu, akiweke chini mbele ya mama yake, aseme kwamba maneno ya Mageni si yake. Akisema hivyo yameisha. Hatumdai kitu."

Nilimpelekea Apolinari habari hiyo kama mtu anayepeleka dawa. Alikubali mara moja. Ndugu Gregory naye alifurahi aliposikia kijana anakwenda Mwagulu. Alitoa gari na dereva, akanituma nami nikaandike kikao, iandikwe kwamba wananchi wameelimishwa. Kigoda kilikwenda nyuma ya gari, kimefungwa kamba kama mbuzi wa sadaka. Tulipopita kwenye lile korongo Apolinari alifumba macho, na nilimwona ameshika dashibodi kwa mikono miwili, ingawa barabara ilikuwa kavu na dereva alikwenda pole.

Tulifika alasiri. Nje ya kijiji ngitili zilikuwa zimesimama, nyasi za rangi ya simba, ndefu, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekuwa ndani. Ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya uzio wa minyaa wanaziangalia. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye ua wa Nyamizi, na wote, wanaume kwa wanawake, walimwamkia kwa jina lile. Mwadila, Mageni. Mwadila, Mageni. Mama yake alikuwa amepika. Alimnawisha mikono mwenyewe, akamsogezea bakuli, akakaa anamtazama akila. Uso ule niliouona mkavu makaburini ulikuwa una nuru. Nikaanza kuelewa. Nilitaka kumshika kijana shati nimwambie tuondoke. Lakini nilimfikiria baba yake katekista na wale wadogo sita, nikabaki nimeshika kalamu yangu.

Apolinari aliinuka. Alikiweka kigoda chini mbele ya Nyamizi. Makoye akamwambia asiogope, aseme tu lililo moyoni, hakuna atakayemfanya kitu. Na kweli hakukuwa na uso wa hasira pale hata mmoja.

"Maneno ya Mageni si yangu," akasema. "Alisema yeye. Mimi sikusema."

Nyamizi alikuwa bado ameshika kitambaa cha kumfutia mikono. Alikikunja vizuri, akakiweka mapajani.

"Ng'wanone," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wao, "basi leo mwanangu amekufa."

Akaanza kulia. Nimesikia vilio vingi, nimezika wangu na wa wenzangu, lakini kile sitaki kukisikia tena. Kilitoka chini, kikapokelewa na wanawake wa ua ule, kisha wa ua wa jirani, kikaenda nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa kijiji, na mbwa wakaitika. Miezi mitano yote hakuwa amelia kwa sababu hakukuwa na wa kumlilia. Kwanza kiti kilikuwa kinangojewa mtu, kisha kulikuwa na mtu amekaa. Apolinari alisimama katikati ya kilio hicho mikono imemning'inia. Hakuwa anajua kwamba amekuja kuleta msiba. Mimi mwenyewe nilikuja kujua tukiwa tumeshafika.

Wakaleta wembe. Anayeleta habari ya kifo kwao hunyolewa pamoja na wafiwa, na yeye hunyolewa wa kwanza. Hakukataa. Makoye alimnyoa kwa maji baridi, polepole, bila kumkata popote, na nywele zake ziliangukia karibu na miguu ya kile kigoda. Alipomaliza alimpangusa kichwa kwa kiganja, akaondoka kwenda kuwahudumia wafiwa wengine. Hakuna aliyetuaga. Nilidhani ni kwa ajili ya msiba.

Kurudi, mgongo haukumuuma. Aliniambia hivyo kwa mshangao, akijipapasa. Nikamwambia Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha.

Kamati ilikaa. Apolinari alisimama mbele yao na kichwa kinachong'aa, Ndugu Gregory akafanya mzaha kuhusu kipara cha wasomi, wote wakacheka, andiko likapita. Nililipiga chapa mimi, nakala tano. Mstari wa kwanza ulihusu pamba. Mwaka uliofuata alirudi na shahada yake akapewa nafasi ya marehemu, na baba yake alikuja na basi kutoka Ushirombo kuniletea asali na shukrani, kama vile mimi ndiye niliyemwajiri. Trekta ziliingia Mwagulu. Pamba ilitoka msimu wa kwanza, ikatoka kidogo msimu wa pili, halafu ardhi ile ikachoka na upepo ukaibeba. Kiangazi ng'ombe walikufa wamesimama.

Kuhusu Apolinari, jambo moja tu lilibaki. Ofisi ilimpa meza mpya na kiti kipya chenye mto. Hakukikalia. Aliandika amesimama, karatasi juu ya kabati la mafaili, asubuhi hadi saa tisa na nusu. Alipopanda cheo wakamletea kiti kikubwa zaidi, akakiwekea koti. Vijana walidhani ni majivuno. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini hakai, akaniambia kwamba kila akitaka kuketi anahisi kuna mtu.

Mwaka wa themanini na saba, mimi nikiwa nakaribia kustaafu na yeye ndiye mkuu, ilishuka sera mpya: mkoa umekuwa jangwa, watu warudishe miti, watenge malisho, ngitili zifufuliwe. Aliyetakiwa kuliandika andiko la mkoa wetu alikuwa yeye. Aliniletea karatasi akiwa na haya kama siku ya kwanza, na nilijua kitakachokuwa mstari wa juu kabla sijausoma. Ieleweke kwanza kwamba nyasi hizi zina wenyewe. Safari hii hakuniuliza nani ameandika. Aliniomba twende wote Mwagulu kulipeleka. Nadhani alifikiri kwamba akiyasema sasa, japo kwa kuchelewa, kuna kitu kitamwachia.

Nyamizi alikuwa amekufa miaka mingi. Ua wake ulikuwa mahame, umebaki uzio wa minyaa tu. Watu walikusanyika karibu na nyumba ya Makoye, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri. Walituletea viti viwili, mimi na dereva tukaketi. Kigoda kilikuwepo, mbele ya watu wote, kimepakwa samli, hakuna aliyekikalia. Apolinari alisimama kando yake akazungumza vizuri, sijawahi kumsikia akizungumza vizuri vile. Aliwaambia nyasi ni zao, watenge wenyewe, serikali itawaunga mkono.

Makoye akageuza uso wake kuelekea nilipokuwa mimi.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa lugha yao, "haya maneno ni mazuri. Tumewahi kuyasikia. Ni ya nani?"

Apolinari akajibu kwamba ni ya serikali. Makoye aliendelea kunitazama mimi, akingoja, kama mtu ambaye bado hajajibiwa. Nikarudia mimi: ya serikali.

"Serikali haina makalio, mayu. Neno lazima liwe na mtu wa kulikalia."

Nilimwona Apolinari akikitazama kigoda. Alikuwa karibu nacho kiasi kwamba angeweza kukigusa kwa goti. Alianza kuinama, mkono ukaenda mgongoni, nikaomba kimoyomoyo akae, nikaomba kama ninavyomwombea mwanangu wa kumzaa. Magoti yalikunjika kidogo, kisha yakanyooka. Akabaki amesimama. Makoye alingoja muda wa kutosha, halafu akawaambia watu wake kwa Kisukuma kwamba Mageni alikwisha kusema, na kwamba wataanza kuziba ngitili masika yajayo kwa neno lile. Wakakubaliana. Wakanyanyuka.

Wakati wa kurudi Apolinari alikaa nyuma ya gari. Pale karibu na korongo akaniita.

"Mama Justa, tulipofika, walinisalimia?"

Nikajaribu kukumbuka. Walinisalimia mimi, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Walimsalimia dereva, wakamuuliza habari za watoto. Niliwaona wakipita mbele ya Apolinari, wazee, akina mama, na watoto waliobebwa mgongoni, wakipita kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa nyumba iliyohamwa, na yeye amenyoosha mkono.

"Walikusalimia, mwanangu," nikamwambia.

Akashukuru. Tuliingia Shinyanga jua linazama, na dereva akamshusha yeye kwanza.